Zamu ya Usiku

Vita vyangu nimeviandika nyuma ya karatasi zilizoharibika:
kadi za mchango zilizokosea jina la bibi harusi,
ratiba ya mazishi Kibosho, risiti za mbolea,
mtihani wa darasa la sita wenye swali la nne mara mbili.
Duka la fotokopi hapa Majengo halikosi karatasi za kutupa,
nami sikosi majeshi.

Mwaka wa tatu huu. Mfalme mwovu anaitwa Dhulumati,
binti wa kumwangusha ni Nuraya;
majina, nakiri, hayajifichi.
Nchi ya uovu nimeiweka upande wa pili wa mlima.
Shangazi yangu wa Rombo aliposikia, alinuna.

Msomaji ninaye mmoja.
Ndekirwa, mlinzi wa ghala la kahawa karibu na reli,
hupita saa kumi na mbili kasoro kwenda zamu,
nampa kurasa tano, sita, anazikunja ndani ya koti.
Asubuhi zinarudi na duara la kikombe,
na neno moja pembeni kwa kalamu nyekundu: *Endelea.*

Nikaendelea, hadi mtoni.

*Nuraya akanyanyua*
*upanga ulo na jua*
*mto ukawachukua*
*elfu kumi, wamo chini.*

Nililia kwa furaha nilipoufunga ubeti ule.
Nikajinunulia soda.

Siku tatu karatasi hazikurudi.
Ya nne akaja nazo mkononi, hazina hata doa la chai.
"Hawa elfu kumi," akasema, "walikuwa wanalipwa?"
Nikamwambia ni jeshi la Dhulumati. Ni waovu.
"Sikuuliza hilo."

Akaketi kwenye kiti cha wateja, rungu mapajani.
"Mimi nalinda kahawa ya mtu nisiyemjua sura.
Walinipa koti na filimbi, wakanionyesha lango.
Mwaka juzi niliwakamata wawili, mmoja mtoto kabisa, wa Pasua.
Alikuwa analia. Nilimpiga.
Alikuwa analia, na nilimpiga, dada.
Sasa mimi, kwenye kitabu chako,
nimesimama ng'ambo gani?"

Mashine ilikuwa inatema nakala za cheti cha mtu.
Nilijifanya nazihesabu.

Wiki nzima sikuandika kitu.
Umeme ulikatika Jumanne, ukarudi Alhamisi,
wingu likaukalia mlima kama kuku juu ya mayai.
Nilijaribu kumrudia Dhulumati, nimzidishie meno,
nimpe ngome ndefu zaidi, nichome vijiji viwili vingine
ili asiwepo wa kumhurumia aliyemlindia mlango.
Kila nilipofika mlangoni, palikuwa na mtu
anapuliza vidole vyake.

"Basi mpe jina mmoja," Ndekirwa alikuwa amesema akiondoka.
"Jina gani?"
Akafikiri kama anayechagua mbuzi mnadani.
"Foya. Tulikuwa naye lindo. Kifua kilimmaliza."

*Langoni yupo mlinzi*
*Foya, mwana wa Kirenzi*
*hana wimbo wala enzi*
*baridi i mifupani.*

Ubeti huu haumwokoi mtu.
Foya hafungui lango, hajatubu, hajui kuna unabii.
Anangoja kupambazuke akalale.
Lakini nimeshamwona, na mto nimeufungulia mimi,
na wamebaki elfu tisa, mia tisa, tisini na tisa.

Jana usiku nikaichukua tena karatasi ya mto.
Nikaigeuza kutafuta nafasi ya kusahihisha.
Upande wa pili ulikuwa mahudhurio ya shule moja ya msingi,
yamechapwa yakipinda, majina arobaini na mawili:
Aikande. Elinami. Kandidi. Ndeonasia…

Nuraya yuko ng'ambo ya mto, upanga juu, mkono unamuuma.
Ataningoja.
Nimefika la saba.