Ng'onda Huroweshwa

Alhamisi saa kumi, ghorofa ya pili, Ganjoni,
navua viatu mlangoni pa binti wa miaka kumi na tisa
na kumwita Mwalimu.
Yeye ananiita Baba Kalume,
kisha ananigonga vidole kwa penseli.

"Viinue. Vikunje.
Shika kama umeshika kitumbua cha moto:
ukibana utaungua, ukilegeza kitaanguka."

Piano yenyewe ni mtu mzima kama mimi.
Chumvi imeila vyuma. Tumboni ina balbu,
huwaka mchana na usiku kufukuza unyevu,
na kibonye kimoja, Tuhfa anakiita la,
masika yakianza hunata:
ukikibonyeza leo, hurudi kesho.

Nyumbani Mbeyu hakusema kitu.
Kinyozini walisema kwa niaba yake:
samaki mkunje angali mbichi, mzee,
na wewe ushakuwa ng'onda.
Nikangoja wembe uondoke shingoni, nikajibu:
Na ng'onda je, haroweshwi?
Wakacheka, nami nikacheka. Lakini usiku ule
nilifanya mazoezi mezani, kando ya sahani,
moja tatu tano, moja tatu tano,
hadi Mbeyu akanitandikia kitambaa chini ya vidole
wajukuu wapate kulala.

Miaka thelathini na moja nilikaa juu ya kreni,
gati la kumi na sita, Kilindini,
kontena la futi arobaini likining'inia chini ya nyayo zangu,
na sifa yangu bandarini ilikuwa moja:
halikulia likitua.
Wenzangu waliyabwaga, bati likapiga kelele hadi Shimanzi.
Mimi nililishusha, kuli aliyesinzia asishtuke.
Nililipwa mshahara, nalipwa pensheni,
kwa kutotoa sauti.
Sasa natoa mia nane kwa saa
nifunzwe kuitoa.

Juzi nilimkuta Tuhfa hana neno.
Barua ya mtihani i juu ya piano, imekunjwa mara nne:
kasi nzuri, vidole safi,
ila penye upole anagonga.
"Napunguza nguvu," akasema, "na sauti inapotea yote."

Nikamwambia, hukuniuliza, lakini sikiza.
Nguvu haipunguzwi. Hubebwa.
Unateremka nayo hadi chini, hadi inchi ya mwisho,
waya haulegei mpaka sakafu imeupokea mzigo.
Watu huachia mapema,
ama kwa kuchoka, ama kwa hofu.
Nikamwonyesha hewani kwa mkono wangu mweusi wa grisi za zamani.

Akajaribu. Akaharibu.
Akajaribu, akanuna, akanywa maji, akajaribu.
Mara ya tisa noti ikatua.
Sijui niseme vipi:
ilisikika, na haikugonga.

"Umejifunza wapi?"
"Gati la kumi na sita."

Akanirudishia mia nane, nikakataa.
Akafungua daftari langu
akaandika kwa penseli ileile:
mkono wa kushoto bado unachelewa.
Ni kweli. Unachelewa kama feri ya Likoni,
na ukifika unafika umejaa watu.

Nikavaa viatu.
Ngazini nikahesabu vidato kwa tatu tatu, kama alivyonifunza,
hadi chini,
kikabaki kimoja.