Inayokumbuka Ilipoishia

Ndahani wa duka la Barabara ya Saba
anapandisha sauti hadi vioo vya kabati vinatetemeka.
"Besi hiyo, mzee. Chaji siku mbili."
Mimi nina swali moja:
ukiizima, inakumbuka ilipoishia?

Ananitazama kama nimeomba anipimie upepo.

Nina kirikuu, nabeba zabibu kutoka Hombolo.
Redio yake ilikufa kwa vumbi, limebaki tundu
ninamowekea risiti na pipi za tangawizi.
Nataka kitu cha kukaa mle mchana,
jioni nikichomoe, niingie nacho jikoni Nkuhungu,
nikiweke juu ya debe la unga,
na zeze lililoanza Ihumwa, likakatikia getini,
liendelee kwenye uzi uleule.

Mbeleje hupata nusu za nyimbo.
Akisikia kibwagizo cha mwisho tu, husema,
"Leo ulikaa kwanza garini. Bei imeshuka?"
na hupakua ugali bila kungoja jibu.

Ndahani anajaribu tatu. Mbili zinaanza upya,
kama mlevi na kisa chake.
Ya tatu, ndogo, yenye ufa pembeni,
inanyamaza kidogo,
halafu inamalizia neno.

"Hiyo besi yake mbovu," ananionya.

Nahesabu noti.