Mwiko

Kaka yangu Loris alituachia ukuta nusu.
Safu saba za vigae bafuni, rangi ya mchanga uliolowa,
kisha saruji tupu, na juu ya saruji
mwandiko wake wa penseli, uliolala upande:
"Hapa. Jumatatu nikitoka zamu."

Vilikuwa vigae vya daraja la pili,
chenye ufa wa unywele, chenye pembe iliyoliwa,
ambavyo kiwanda huwauzia wafanyakazi kwa bei ya kutupa.
Huku Sassuolo hakuna nyumba ya mtu wa zamu
isiyovaa makosa ya tanuri.

Jumatatu hakutoka zamu.
Mashine ya kushindilia udongo ilikuwa imevuliwa kinga
ili kazi iende mbio.
Meneja alikuja na shada lenye utepe wa kampuni,
akamwita mama "Bi Nives" mara nne,
na jina la Loris akalisoma kwenye kikaratasi.

Mwiko wake ulibaki ndani ya ndoo,
umegandamana na saruji, mpini juu,
na tangu siku ile mwiko ukawa mwiko:
hakuna aliyeushika, hakuna aliyeutaja.
Tulikoga tumeupa ukuta mgongo.

Mama alirudi jikoni kwa shule
kuwapakulia tambi watoto wa watu.
Bibi Argia, kwa pensheni yake,
aliendelea kulipia bima ya pikipiki ya marehemu.
"Haina kosa ile," alisema, "iacheni."
Baba hulisha tanuri, hatua mia kutoka ile mashine.
Siku ya tatu waliiwasha tena.
Aliusikia mdundo wake, akaendelea kuhesabu masanduku.
Alitusimulia mara moja tu, akikata mkate,
akaukata wote, mpaka ukaisha.

Nami nilijifunza kufunga milango bila sauti.

Mwezi wa pili akabisha Bwana Zironi wa ghorofa ya chini:
dari yake inavuja.
Msiba una subira; maji hayana.

Baba akaenda ghalani. Rangi ile, wakamwambia,
haichomwi tena tangu majira ya vuli.
Ni Driss, aliyekuwa zamu moja na Loris,
aliyepanda lundo la vifusi nyuma ya kiwanda,
mvua ya barafu ikimpiga kisogoni,
akachokoa vigae thelathini na kimoja, vizima kiasi.
Tulihitaji thelathini na viwili.

Jumamosi baba aliipasua ndoo kwa nyundo
akautoa mwiko kama anayemtoa mtoto usingizini.
Akalaza pimamaji juu ya safu ya saba:
kiputo kikakimbilia kushoto, kikagoma huko.
Loris alikuwa amejenga mshazari!
Loris aliyetucheka sote kwa kukata soseji upogo.
Baba akacheka. Kicheko kilimponyoka kama sahani,
na vipande vyake akaviokota mama,
bila neno, kifuani mwake.

"Nibomoe, ninyooshe?"
"Thubutu," alisema mama.

Basi tukalifuata kosa lake mpaka darini,
baba akipaka, mama akipachika,
mimi nikipitisha vigae, bibi akitoa amri mlangoni
ambazo hakuna aliyezitii.
Hakuna aliyetamka, lakini kila mkono
ulipofika penye neno la penseli uliruka.
Kigae kilichopungua hakikupungua.

Usiku nikatoa rangi yangu ya kucha, ile isiyo na rangi,
nikaipaka juu ya maandishi, tabaka juu ya tabaka,
nikipuliza kati ya moja na nyingine,
mpaka chupa ikakauka.

Maji yakipiga pale sasa, neno Jumatatu hung'aa.
Dari ya Bwana Zironi ina doa dogo hadi leo,
upana wa kikombe.
Hupanda ngazi kulalamika, hupewa kiti na glasi ya divai,
hukaa, hutazama saa,
hushuka bila kulalamika.