Kahawa ya Gurudumu

Kipimajoto cha dirishani kilisema ishirini na saba chini ya sifuri
na Oiva, bila hodi, alikwisha kufika uani,
akilibonyeza tairi langu kwa kidole gumba
kama mtu anayechagua parachichi.
"Punguza upepo. Theluji haipendi kiburi."

Nikapunguza.
Maji ya kunywa niliyavika sweta, yakalala tumboni mwangu;
chupa ikikaa kwenye fremu huwa jiwe kabla ya daraja.

Njia ilikuwa na upana wa mkeka mmoja,
imeshindiliwa na pikipiki za theluji.
Ukiukosa mkeka unazama hadi kiunoni,
na baiskeli inabaki wima peke yake
kama mgeni aliyenyimwa kiti.

Tulikwenda. Hatukusema kitu.
Tairi nene zikitafuna: kro, kro, kro.
Kope zikashikana kila nilipopepesa.
Pua sikuihisi; niliigusa kwa glavu
nihakikishe sijaiangusha.
Ziwani barafu ilijinyoosha, ikaguna,
kisha ikanyamaza kama sisi.

Kwenye mwinuko wa misonobari pedali zikazunguka bure.
Nakanyaga, nakanyaga, gurudumu halina habari.
Grisi imeganda kitovuni,
meno ya ndani yamelala, hayaumi.
Kilomita tisa kutoka jikoni kwangu!
Nikatukana kwa Kisami cha bibi yangu,
matusi yakaisha, gurudumu bado limelala.

Oiva akaitoa chupa nyekundu ya Helka,
ile ambayo tangu mazishi ya Novemba
hajamruhusu mtu kuishika.
Nilidhani anataka kunywa.
Akapiga goti, akaimimina kahawa yote,
polepole, kitovuni mwa gurudumu langu.
Mvuke ukampanda usoni,
barafu ya ndevu ikalegea, ikadondoka,
nami nikatazama pembeni
kwa kuwa sikujua ipi ni barafu na ipi siyo.

Ka! Meno yakauma.
"Panda, kabla hakijapoa."

Nikapanda. Hakuna kusimama tena.
Jua la Februari lilikwisha kutuaga, saa kumi haijafika,
na mbele yangu taa yake nyekundu iliyumbayumba,
chupa tupu ikigonga fremu, ko, ko, ko,
hadi nikamsikia, yeye asiyeomba kitu miezi mitatu,
akinung'unika bila kugeuka:
"Nataka kahawa."

Kanyaga, nikamwambia.
Jiko nimeliacha linawaka.