Upande wa Mafundo

Miaka thelathini na minne nimeshona kofia,
vitobo vyembamba kama mlango wa sisimizi,
hata asubuhi moja sindano ikaniingia kidoleni
mara tatu kabla ya chai,
nikajua macho yamefunga duka.
Kofia ile imo sandukuni mpaka leo, nusu ukuta.
Mwenyewe alisema atasubiri.
Kashaoa, na ya kununua kichwani.

Kipupwe kikaingia Uweleni na upepo wake wa kupanda kilima.
Raya wangu ana zamu za usiku, wodi ya wazazi;
alfajiri anarudi kajikumbatia mwenyewe.
Nikamwambia, vaa sweta.
"Baba, mikono tunaosha hadi viwiko.
Sweta la mikono nitalivulia wapi,
na mtoto kashatoa kichwa?"

Nikalala na neno hilo.

Dukani kwa Mbwana Shehe kuna sufu za rangi mbili tu:
kijivu, na manjano ya bizari iliyozidi.
Nikachukua kijivu, mabonge manne, na kulabu ya chuma,
nikavifutika kwapani ndani ya gazeti
kama mtu aliyenunua kitu cha aibu.

Bi Mgeni wa nyumba ya pili ndiye aliyenifunza.
"Kitanzi, vuta. Kitanzi, vuta.
Si kofia hiyo, usiikabe roho."
Lakini mkono wangu umezoea kukaza.
Kipande cha kwanza kilisimama mezani peke yake, kama ubao,
Bi Mgeni akacheka hata mtandio ukamwanguka.

Nikafumua.

Kipimo nilikichukua kwenye gwanda lake jeupe
lililoanikwa uani: shibiri mbili na vidole vitatu.
Hesabu niliifanya kwa tasbihi, Mungu anisamehe:
thelathini na tatu, thelathini na tatu, thelathini na tatu,
na kimoja cha kuufunga mstari.
Kuna jioni sikujua nimo katika lipi,
nyuradi au mgongo wa mwanangu.

Sufu haitaki macho.
Kidole kinaingia, kinauliza, kinajibiwa.

Penye kwapa nikaacha.
Kumbe kazi yote ipo hapo, kwenye kuacha.
Kofia ni duara, unazunguka mpaka inakwisha;
hiki kinataka ujue pa kutofuma,
mkono wa mtu upite uende zake.

Kijivu kikaniishia bega la kushoto.
Mbwana Shehe akasema nyingine mpaka wiki ijayo, labda.
Nikamalizia kwa bizari.

Nikampa Ijumaa baada ya Magharibi,
kimekunjwa, upande mzuri juu.
Sisi washona kofia tuna usafi wetu:
ndani kuwe kama nje,
mtu akiigeuza asikute uchafu wa mkono wako.
Kizibao hakikunikubalia.
Ndani kilijaa viungo, mafundo, mikia ya uzi,
pale nilipounga, pale nilipokosea
nikasahihisha juu ya kosa.

Raya akakivaa. Akajikuna shingo. Akakivua.
Haya, nikasema moyoni.
Akakigeuza, ndani nje, akakivaa tena juu ya gwanda,
mafundo yote hadharani
na bega moja la manjano.

"We Raya! Watu watasema baba yako hajui kazi."
"Watu hawakivai wao, Baba.
Kulaini kunigusa mimi."

Akabana mtandio, akashika njia.
Taa ya dukani ikammulika mgongo
nikayaona yote, moja moja:
mstari wa ishirini niliposinzia,
fundo la usiku ule umeme ulipokatika,
na lile nene, ambalo sikumbuki
nilikuwa nikiwaza nini.

Nikatafuta la kumwitia nyuma.
"Ufunge vifungo!" nikasema.
Kizibao hakina vifungo.

"Nimefunga," akaitikia, bila ya kugeuka.