Moto Utalala Wapi

Ramani ilitoka Kampala, imekunjwa mara nne.
Kyarisiima akaitandaza juu ya mfuko wa saruji,
akaweka jiwe kila pembe, maana upepo wa Rubaya
haumjui mchora ramani wala shahada zake.

Nikasoma kwa kidole. Sebule. Vyumba vinne.
Chumba cha gari ambalo halijanunuliwa.
Dirisha la kioo, refu kunipita,
na juu ya kila dirisha, matundu ya kutolea joto.
Joto lipi, dada? Huku mwezi wa saba
ukungu huingia bila hodi na kukaa kitako.
Kwangu matundu hayo nimeyaziba kwa gunia
na sweta ya marehemu shemeji.

Nguzo za umeme, akasema, zimeshafika shuleni.
Taa kumi na moja. Swichi mlangoni, swichi kitandani.
Na bamba la sola juu ya mabati, umeme ukikatika.
Nikapiga hesabu: boriti ziongezwe, bamba lina uzito,
paa lisiinuke sana, kwa kuwa jua letu
nusu mwaka hupita kaskazini, nusu kusini,
halina chama.

Ndipo mama yake, Tindyebwa,
aliyekuwa akimenya viazi kwenye beseni,
akauliza bila kuinua macho:
"Na moto utalala wapi?"

Tukatazama karatasi.
Gari lina chumba.

Nyumba aliyozaliwa ilikuwa duara
kwa sababu moto ulikaa kati, watu wakauzunguka,
ukuta ukafuata migongo yao.
Moshi ulipaka nyasi za paa masizi, mchwa wakakoma.
Ulipaka na mapafu. Hilo hakulificha;
kikohozi kilimalizia sentensi.

Nikatoa penseli sikioni.
Nikasogeza jiko hadi ukuta wa chumba chake,
nikapandisha dohani ya tofali ndani ya ukuta huo:
moshi uende zake, joto libaki.
Kioo nikakikata nusu. Binti akafuta mstari wangu,
nikaurudisha, akafuta, nikaurudisha.
Taa tukaziacha kumi.

Usiku wa kwanza umeme ulikatika saa mbili.
Kyarisiima akahangaika na swichi, tak, tak.
Bibi hakujua. Alikuwa ameegemeza mgongo ukutani,
akizungumza na matofali kwa Kikiga, polepole,
kama aliyekutana na shoga yake wa zamani
kwenye foleni ya hospitali.