Kilomita Kumi na Moja za Lami

Heulwen aliniuzia meno.
Alilishusha darini, tairi nene jeusi
lenye vinundu kama mgongo wa mamba,
akalikandamiza kwa dole gumba, akasema,
"Hili litang'ata tope la Corris mpaka lilie."
Sikuuliza nani atalia, tope au mimi.
Nililipa, nikatoka mvuani.

Meno hununuliwa kwa ajili ya msitu:
mizizi ya misonobari iliyolowa na kuteleza,
vigae vya mawe meusi walivyoviacha wachimbaji,
mteremko ambao usipoung'ata, unakung'ata.
Lakini toka mlangoni kwangu hadi miti ya kwanza
ni kilomita kumi na moja za lami,
na lami haina haja ya meno.
Juu yake tairi langu hunguruma
kama nyuki waliofungiwa debeni,
na kila kinundu kinanidai nguvu
niliyoiwekea akiba mlima.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka.
Hawakuwahi kupanda chombo
ambacho ukishika moja, unaanguka.

Barabara yetu ni nyembamba. Kuta za mawe huku na huku,
juu ya kuta miiba, juu ya miiba mvua.
Saa moja kasorobo hupita lori la maziwa.
Dereva ni Tegwen; namjua tangu shule,
enzi zile akivunja penseli za watu.
Miaka mitatu nilimchukia kwa mgongo:
mgongo ulijua amefika kabla ya masikio,
nami nikajibana ukutani, miiba ikinichana bega,
nikijifanya mwembamba kuliko nilivyo,
naye akapita kwa upana wa kiganja.

"Ukijibana unamdanganya," alisema Heulwen,
akiziba pancha yangu ya nne, kiraka mdomoni.
"Unamwambia anatosha. Hatoshi.
Kaa anapokuona. Ukifika langoni, mpishe."

Kesho yake nilikaa katikati ya njia.
Nyuma yangu tani za maziwa zikapumua.
Nilisubiri honi. Haikuja.
Tulipanda hivyo, mimi na yeye,
mwendo wa ng'ombe anayerudi kukamuliwa,
hadi lango la shamba la kina Pryce,
nikasogea kando, mguu chini.
Alipopita aliinua kidole kutoka kwenye usukani,
salamu ya huku, kidole kimoja tu,
kana kwamba viwili vingemwaga mzigo.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa mwema.

Lakini wiki ile ile, nikirudi kwa mteremko,
tope usoni, breki nimezisahau,
kwenye kona ya kanisa: farasi,
na juu yake Lleucu, mtoto wa miaka kumi.
Farasi akawasikia nyuki wangu.
Masikio yalilala nyuma, kwato zikateleza kwenye lami,
mtoto akang'ang'ania manyoya ya shingo.
Hakuanguka.
Aligeuka, akanitazama
vile nilivyozoea kulitazama lori.

Siku hizi mbele nimeweka meno,
nyuma tairi lililochakaa nusu, laini katikati.
Kwenye lami najaza upepo mpaka tairi liwe jiwe;
mstuni naupunguza kwa ukucha, pss, pss,
mpaka dole gumba lizame kidogo.
Si bora popote. Topeni nyuma hunihama,
barabarani mbele bado kunanguruma,
na pampu nimeisahau nyumbani mara mbili.
Nikiona farasi naacha kukanyaga,
nasema kwa sauti neno lolote, habari ya mvua,
bei ya kondoo, ajue kinachokuja ni mtu.

Lleucu hajanijibu hata mara moja.
Farasi ameanza kugeuza sikio.